Mguu wa Ta Kabyemera, Mkamuaji wa Ihembe

Ninyi mnaoanza kazi ya viungo bandia sasa mmekuja wakati mzuri. Simu inapiga picha ya kigutu, kile kipande kilichobaki mguu ukikatwa, kompyuta inachora umbo lake, na chai yako bado ina moto. Sisi tulipakwa plasta mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nikirudi nyumbani, mimi mama wa nyumba, kuku wananikimbia wakidhani ni mtu mwingine. Siwaonei wivu hata kidogo, nawafurahia. Ila mmeniomba niwaandikie jambo litakalowafaa, na nimekaa hapa barazani, migomba mbele yangu, kahawa imeanikwa pembeni, nikaona niwasimulie habari za mtu mmoja tu. Wengine mtakutana nao wenyewe.

Kwanza mjue nilifundishwa na nani. Aliitwa Fundi Rutta, mtu wa Muleba, mrefu, mpole, mwenye vidole vya kupiga kinanda. Yeye alianza kazi enzi za miguu ya mbao na ngozi, miguu iliyolia kama mlango mbovu. Alinifundisha jambo ambalo hamtalisoma kwenye mashine yoyote: kabla ya kushika futi, uliza mtu huyu anavaa nini miguuni na anakanyaga wapi. Aliwahi kumtengenezea mwalimu mmoja wa kike mguu safi kabisa, akaupima kwa ndala alizokuja nazo. Jumapili mwalimu akavaa viatu vya kisigino kirefu kwenda kanisani. Akawa anatembea kama mtu anayesukumwa mgongoni, na wimbo wa kuingilia ulipoisha alikuwa amefika mbele kabla ya padre. Fundi Rutta alikuwa akiisimulia habari hiyo mwenyewe, akicheka hadi machozi, halafu anakutazama: "Kwa hiyo ulimwuliza anavaa nini?"

Sasa twende Ihembe.

Tulikuwa tumeenda na huduma ya mkoba kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Nyaishozi. Mnajua siku hizo zinavyokuwa. Tangazo linasomwa kanisani na msikitini kwamba wataalamu wa miguu bandia wanakuja, kupima ni bure na mguu wenyewe ni bure, na asubuhi unakuta mabenchi yamejaa, magongo yameegemezwa ukutani kama kuni. Watu wametoka mbali, wengine wamebebwa kwenye baiskeli. Na wote wanajua kwamba tukishaondoka hatutarudi karibuni.

Zamu ikafika kwa mama mmoja mnene mfupi, kitenge kimefungwa vizuri, miguu yote miwili mizima.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, ingawa mimi si daktari, ni fundi. Mgonjwa wako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Vipimo vyake hivi hapa."

Akatoa kwenye pochi kamba ya mgomba iliyokauka, ina mafundo. Akainyoosha mezani. Fundo hili ni goti, fundo hili ni kifundo cha mguu, na mwisho wa kamba ni kisigino.

"Nimempima mguu uliobaki akiwa amelala," akasema. "Angeamka angenifukuza. Wewe tengeneza, nitakuja kuuchukua."

Jina lake Ma Paskazia. Mume wake ni Kabyemera, Ta Kabyemera kwa heshima ya kwetu. Alikuwa anarudi kutoka sokoni Nyaishozi, mvua imenyesha, pikipiki iliyombeba ikateleza kwenye tope na kumwangukia. Mguu wa kulia ulisagika. Hospitali walijitahidi, ikashindikana, wakaukata chini ya goti. Alirudi nyumbani akaingia chumba cha nyuma, na tangu siku hiyo hakutoka.

Nilimwambia, "Ma Paskazia, urefu umeupata vizuri kabisa. Lakini mguu huu unavaliwa kwenye nyama na mfupa. Lazima nimshike mwenyewe. Mguu si gauni."

"Hata gauni, fundi wangu hunishonea kwa kunitazama tu."

Watu wa kwenye benchi walicheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa karibu kumwambia amlete siku nyingine. Bahati nzuri nikauliza swali moja zaidi, nanyi msiache kuuliza: "Anakaaje huko chumbani?"

"Anakaa tu kitandani. Goti amelikunja, nimemwekea mto chini yake apate raha."

Kicheko kikaniisha. Mtu aliyekatwa chini ya goti akikaa amelikunja wiki baada ya wiki, kano za nyuma zinafupika, goti linakakamaa. Likishakakamaa kabisa, hakuna mguu utakaomfaa, kwa sababu hataweza kunyoosha mguu akasimama. Mto ule wa upendo ndio uliokuwa unammaliza. Nilimweleza Ma Paskazia pole pole. Akakusanya kamba yake.

"Basi twende ukamwambie wewe," akasema. "Mimi hanisikii."

Kesho yake gari la hospitali lilikuwa linapeleka chanjo njia ya Ihembe. Niliomba nafasi, nikakaa katikati ya maboksi ya barafu.

Nyumba yao iko ndani ya migomba, mahali pazuri, uani pamefagiliwa. Nyuma ya jiko niliona mtumbwi wa kukamulia ndizi, ule wa gogo tunaouita obwato, umepinduliwa, kuku wanatagia chini yake. Sikuutilia maanani. Ma Paskazia akanipeleka chumba cha nyuma. Dirisha limefungwa, na mtu amelala ameutazama ukuta.

"Ta Kabyemera, shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Hakugeuka. "Mke wangu amekuita."

"Alikuja na kamba ya mgomba. Amekupima ukiwa usingizini."

Hapo akageuka. Alikuwa mtu wa umri wangu au zaidi kidogo, mabega mapana, ndevu hazijanyolewa. Akamtazama mkewe aliyesimama mlangoni. "Ulinipima kama maiti?"

"Maiti haikoromi," mke akajibu.

Nilikaa kwenye kigoda, nikaomba ruhusa ya kushika goti. Akafunua blanketi nusu tu, nikalishika. Lilikuwa limeanza kukaza. Nikilisukuma linanyooka, halafu linagoma mahali fulani kama droo iliyokwama. Nilimwambia ukweli wote. Goti hili bado linarudi. Likiachwa hivi hadi kahawa zivunwe, halirudi tena, na sitaweza kukusaidia hata kama nataka.

"Na likirudi?" akauliza. "Nikipata huo mguu, nifanye nao nini? Nitembee hapa na pale watu wanitazame?"

"Ufanye uliyokuwa ukifanya."

Akacheka kwa uchungu. Akautoa mguu wake wa kushoto nje ya blanketi. Ulikuwa mpana, vidole vimetawanyika, unyayo mgumu kama ngozi ya ng'ombe.

"Mimi ni mkamuaji," akasema. "Unaijua kazi hiyo?"

Ninaijua, nimezaliwa nayo. Ndizi mbivu zinamenywa, zinatiwa kwenye obwato pamoja na majani, mwanamume anaingia na miguu mitupu iliyooshwa, anakanyaga mpaka juisi inatoka nyeupe kama maziwa, halafu inatulia na kuwa tamu kuliko soda yoyote. Si kila mguu unajua. Ukikanyaga kwa pupa ndizi zinageuka uji, huchuji kitu. Kabyemera alikuwa anaitwa kwenye harusi zote za ng'ambo ya bonde. Watu walikuwa wakisema kabla ya kupanga siku: kwanza tumwulize Kabyemera kama ana nafasi.

"Sasa niambie wewe fundi," akasema. "Mguu wako huo wa plastiki unaingia kwenye ndizi?"

Vijana, hapa ndipo wengi hukosea. Mgonjwa amekata tamaa, familia imesimama mlangoni inakutazama, nawe unataka kumpa neno zuri. Unaanza kusema, utakuwa kama zamani, hutaona tofauti. Msiseme hivyo. Atafika nyumbani aione tofauti siku ya kwanza, na hatawaamini tena.

Nikamjibu, "Hauingii. Juisi ikipenya ndani, ngozi ya kigutu italainika, itachubuka, itapata kidonda. Halafu utanuka ndizi zilizooza mpaka mkeo akufukuze yeye."

Alinitazama usoni. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka kwa sauti ya ndani, kama mtu anayekohoa. Ma Paskazia aliniambia baadaye kwamba hakuwa ameisikia sauti ile tangu ajali.

"Ego, waitu, ndiyo mwenzetu," Kabyemera akasema. "Umesema kweli. Wote wanaokuja hapa wananiambia nitakuwa kama zamani. Wananidanganya mimi mtu mzima." Akajiinua kwa kiwiko. "Hilo goti linanyooshwaje?"

Nilimwonyesha. Mto utolewe, usirudi tena. Alale kifudifudi kila siku, nyonga imegusa godoro. Akikaa, mguu uwekwe juu ya stuli, na juu ya goti mzigo wa uzito wa wastani. Nikamfundisha Ma Paskazia kufunga bendeji ya kubana, ikipita kwa mshazari, kutoka chini kwenda juu, ili kigutu kipungue uvimbe na kupata umbo. Mzigo hawakuwa nao, wakajaza maharage kwenye kifuko cha kitambaa. Mara ya kwanza kifuko kile kilipowekwa, Ta Kabyemera alinitukana mimi, akayatukana na maharage. Niliondoka nikiwa na matumaini. Mtu anayetukana bado anataka kitu.

Alikuja mwenyewe kwenye karakana yetu ya miguu, baada ya miezi kadhaa. Nasema mwenyewe, ingawa Ma Paskazia alikuwa nyuma yake amebeba kapu la chakula cha siku nzima. Amenyolewa ndevu, yuko kwenye magongo, na goti limenyooka. Nililipapasa mara mbili nisiamini.

Tukafanya kazi kama tulivyofanya siku hizo. Bendeji za plasta kwenye kigutu, huku nikibana kwa vidole gumba chini ya pia ya goti, pale kwenye kano, kwa sababu pale panabeba uzito bila kulalamika. Kisha ganda hilo linavuliwa, plasta inamiminwa ndani, inaganda, unapata kigutu cha jiwe, unakichonga. Kisha bamba la plastiki linaingia kwenye oveni mpaka linalegea na kung'aa kama kioo, mnalivuta haraka juu ya umbo lile, wawili, bila kusemezana, kwa sababu likipoa limepoa. Mashine zenu zitawapunguzia mengi ya hayo, na ni sawa. Lakini vidole gumba msiviache. Mkijua wenyewe kwa mikono mahali panapouma na mahali panapovumilia, mtaielewa na picha ya kompyuta.

Siku ya kujaribu mguu nikatoa rangi ya mdomo kwenye mkoba wangu. Ta Kabyemera akashtuka. Niliipaka ndani ya soketi, kile kikombe cha plastiki kinachopokea kigutu, akavaa, akasimama kidogo, akavua. Palipobana, rangi ilikuwa imehamia kwenye ngozi. Ndivyo unavyojua pa kupunguza. Hila hiyo ni ya Fundi Rutta. Alikuwa akinunua rangi za mdomo duka moja la Kayanga, nyekundu iliyokoza kila mara, mpaka maneno yakamfikia mkewe. Mama yule akaja karakana amejifunga kibwebwe. Alipoonyeshwa mzee wa watu, mkulima wa maharage, amekaa na kigutu chenye rangi ya mdomo, alikaa chini akacheka mpaka akaomba maji. Ma Paskazia nilimsimulia hayo, akasema, "Mwambie na huyu, rangi hiyo iishie hapa hapa."

Kisha tukafika kwenye vyuma viwili vya kujifunzia kutembea, na hapo tukakwama.

Ta Kabyemera hakuuamini mguu. Alishika vyuma kwa mikono yake yenye nguvu, akajining'iniza. Mguu bandia uligusa sakafu tu, haukubeba kitu. Nilimwambia ashushe uzito. Akasema ameshusha. Nikapenyeza karatasi chini ya soli, ikapita bila shida. Nikamwonyesha, akakasirika. Tukapumzika, tukarudi. Jasho lilimtoka, na nikaona uso wake unaanza kurudi kwenye ule wa chumba cha nyuma. Ninaujua uso huo. Wapo waliotoka mlangoni na mguu mpya mkononi, wakautundika ukutani nyumbani, ukakaa huko.

Nilikuwa naanza kusema tuache leo, tujaribu kesho. Ma Paskazia, aliyekuwa kwenye benchi anamenya chungwa, akasimama.

"Wewe Kabyemera," akasema kwa Kinyambo, "ndizi zinaharibika!"

"Ndizi gani?"

"Hizo ulizosimama juu yake. Watu wako uani, wameleta vyombo, wewe unaning'inia kama popo. Kanyaga!"

Akaanza kupiga makofi. Mapigo mawili mazito, moja jepesi, mdundo wa wakamuaji. Kisha akaimba wimbo ule wa kukanyagia, ambao mimi nilikuwa nimeusikia mara ya mwisho kwa babu yangu. Sauti yake haikuwa nzuri. Watu wa karakana wakaacha nyundo, mtoto aliyekuwa akipimwa viatu akaacha kulia.

Kabyemera alimtazama kama anataka kumpiga. Halafu akafumba macho. Mguu wa kushoto ukashuka, polepole, unyayo mzima. Ukanyanyuka. Na uliponyanyuka, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kukanyaga kwa mguu mmoja bila kusimama juu ya mwingine, uzito wake wote ukashuka upande wa kulia. Juu ya plastiki yetu. Ikabeba. Kushoto tena. Kulia. Mikono yake ilikuwa imefunguka kwenye vyuma, vidole vimegusa tu. Alikanyaga pale pale, macho yamefumbwa, mpaka wimbo ukaisha. Mkewe hakungoja apumzike, akauanza upya.

Akafumbua macho. Alijitazama chini, akatutazama. Mimi nilijifanya natafuta bisibisi.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kawaida. Kumbukeni swali la Fundi Rutta. Nilimwuliza anavaa nini, akasema kwenye migomba anavaa gambuti, kanisani viatu. Tukaupima mguu kwa gambuti, na viatu vya kanisani tukavitafutia vyenye kisigino cha kimo kile kile. Nikamfundisha kuosha kigutu jioni, kukikagua kwa kioo, kuongeza soksi kigutu kinapopungua, na kurudi akiona wekundu usioondoka.

Alirudi kweli baada ya muda, mguu umelegea. Nilipoushika tu nikasikia harufu ya ndizi mbivu. Nikamwangalia kwa jicho kali.

"Ta Kabyemera! Tulisema nini?"

"Vua soketi utazame," akasema, ametulia kama hakimu.

Nikaitazama kwa tochi. Kavu, safi, soksi safi. Hata kwenye unyayo wa plastiki hapakuwa na kitu.

"Haukuingia kwenye ndizi," akasema. "Nimesimika nguzo mbili na fito ya kushika. Nimeweka jiwe bapa kando ya mtumbwi. Mguu wako unasimama nje, juu ya jiwe, kama mgeni. Wa kwangu unaingia kufanya kazi. Naenda taratibu kuliko zamani, na nachoka mapema. Lakini juisi ni ile ile. Onja."

Ma Paskazia alikuwa ameshafungua dumu. Tulikunywa wote karakana, kwa vikombe vya chai na vya dawa. Ilikuwa ile ile. Nilimwambia kwamba ile fito yake ya kushika ingefaa kuwekwa nyumbani kwa kila mgonjwa wangu, na tangu hapo nilikuwa nawaelekeza hivyo, hadi wale wa huko Kimuli tuliokuwa tukiwafuata kwa gari siku nzima. Simika nguzo mbili uani kwako, weka fito, fanya kazi yako hapo. Wengi walianzia hapo.

Niliwaeleza mwanzoni kwamba nawafurahia kwa vifaa mlivyo navyo. Na mimi nafurahi zaidi kwa sababu mgonjwa sasa haulizi kama mguu unapatikana, anauliza ni lini mnakuja. Endeleeni kwenda. Karakana peke yake haitoshi, kuna watu wengi wamelala vyumba vya nyuma, na wake zao hawana ujasiri wa Ma Paskazia. Mkifika kwao, kaeni kwenye kigoda, shikeni goti, semeni kweli.

Muda mfupi kabla ya kustaafu nilipita Ihembe tena. Nilikuwa na soksi mpya za kigutu, nikasema nimpelekee mwenyewe, nimkague na kuagana naye. Uani palikuwa pamefagiliwa kama kawaida. Nikabisha hodi. Ma Paskazia akatoka jikoni anajifuta mikono.

"Karibu, karibu mama. Umemfuata mzee? Hayupo."

"Yuko wapi?"

"Sijui!" Akapanua mikono. "Asubuhi alisema anakwenda kwa jirani kukamua. Nimemtuma mtu, jirani anasema alimaliza zamani, akaondoka na wazee wenzake. Wengine wanasema wameonekana barabarani. Chakula kimepoa. Hata simu ameiacha kitandani. Mtu gani huyu, anatoka tu bila kuaga!"

Alikuwa analalamika kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani, na machozi yanamtiririka, na anacheka.

Alinipa kahawa. Nilikaa kumngoja mpaka dereva akaanza kupiga honi. Hakurudi. Nikamwachia Ma Paskazia zile soksi, nikaondoka bila kumwona mgonjwa wangu, na njia nzima nilikuwa nachungulia dirishani, nikitumaini nisimkute karibu na nyumbani.